Namna ya kufuatilia historia ya Mungu katika Biblia, tabaka kwa tabaka

Vitabu vya Biblia havikupangwa kwa umri wa kuandikwa. Mwanzo 1, yenye Mungu mmoja anayeumba kwa neno tu bila mshindani, wasomi wengi huiweka wakati wa uhamisho wa Babeli au baada yake, karne ya 6 hadi ya 5 KK. Wimbo wa Debora katika Waamuzi 5 huhesabiwa kuwa mkongwe kuliko sura hiyo kwa karne kadhaa. Kwa hiyo anayeanza ukurasa wa kwanza na kusonga mbele hukutana kwanza na mawazo yaliyokomaa mwishoni. Akifika Zaburi 82 na kumkuta Mungu akihukumu katikati ya miungu, hupita haraka kana kwamba hakuona. Mwongozo huu unakusudia asimame hapo. Unamfaa mwanafunzi wa thiolojia, mwalimu wa kikundi cha Biblia na msomaji mwingine yeyote, mwenye imani au asiye nayo, mradi awe tayari kuiuliza kila aya umri wake.

Vya kuwa navyo mezani

Tafuta Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952. Inaandika BWANA kwa herufi kubwa pale Kiebrania kinapokuwa na jina la herufi nne, YHWH, na Mungu pale penye El au Elohimu. Ya pili iwe Habari Njema, kwa kulinganisha. Angalia hapa mapema: Habari Njema huandika "Mwenyezi-Mungu" mahali pa YHWH, ilhali "Mungu Mwenyezi" wa Union ni El Shadai, jina jingine kabisa. Ukiyachanganya hayo mawili, daftari lako lote litaharibika kuanzia hatua ya kwanza.

Ongeza kalamu nne. Nyekundu ni ya BWANA. Bluu ni ya Mungu, Mungu Mwenyezi na Aliye juu. Kijani ni ya miungu mingine na baraza la mbinguni. Nyeusi ni ya kauli zinazokana kuwepo kwa miungu mingine. Daftari liwe na safu nne: aya, jina lililotumika, karne ya kuandikwa, na kama miungu mingine inatajwa au inakanwa. Tenga vikao vinane hivi vya saa moja na nusu.

Hatua ya 1: Tenganisha majina

Anza na Kutoka 6:3. Mungu anamwambia Musa kwamba kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo alijulikana kama Mungu Mwenyezi, na kwa jina lake la YHWH hakujulikana kwao. Kisha rudi Mwanzo 4:26, inayosema watu walianza kuliitia jina la BWANA zamani za Sethi na Enoshi. Kauli hizi hazipatani, na usijitahidi kuzipatanisha. Ziandike zote mbili, kwa kuwa ni alama ya wazi kwamba masimulizi ya zaidi ya mwandishi mmoja yameshonwa pamoja.

Sasa pitia Mwanzo 14:18-22, ambapo Melkizedeki ni kuhani wa Mungu Aliye juu, yaani El Elioni, na Mwanzo 33:20, ambapo Yakobo anajenga madhabahu na kuiita El-elohe-Israeli. Jina Israeli lenyewe limebeba El, halikubeba Yah, kifupi cha YHWH. Nguzo ya Farao Merneptah, ya mwaka 1208 KK hivi, ndiyo inayotaja Israeli kwa mara ya kwanza nje ya Biblia, na inaonyesha kwamba watu hao walikuwa Kanaani wakiitwa kwa jina hilo tayari.

Hatua ya 2: Mfuate BWANA kusini

Soma aya nne kwa mkupuo: Waamuzi 5:4-5, Kumbukumbu la Torati 33:2, Habakuki 3:3 na Zaburi 68:8. Katika zote BWANA hatoki Yerusalemu wala mbinguni. Anakuja akitokea Seiri, Edomu, Parani, Temani, Sinai, yaani majangwa ya kusini. Ni mashairi, na mashairi hutunza mambo ya kale ambayo nathari huyarekebisha.

Nje ya Biblia, hekalu la Farao Amenhotep III huko Soleb, kaskazini mwa Sudan ya leo, lina orodha ya karne ya 14 KK inayotaja "nchi ya Shasu wa Yhw". Shasu walikuwa wahamaji. Hapa wengi huteleza wakasema hekalu hilo linamtaja Mungu wa Israeli. Jina hilo pale ni la mahali au la watu. Linaendana na dhana kwamba BWANA alitokea kusini, lakini peke yake haliithibitishi.

Hatua ya 3: Weka Ugariti pembeni ya Zaburi

Hapa ndipo penye utajiri, usiharakishe. Ugariti ni mji uliofukiwa Ras Shamra, pwani ya Syria. Kaburi lililogunduliwa na mkulima mwaka 1928 ndilo lililowaelekeza wachimbaji huko, na kuanzia 1929 yakatoka mabamba ya udongo yenye lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiebrania. Humo El ni mzee mwenye hekima, mkuu wa baraza la miungu, na mkewe Athirati ana wana sabini. Baali, mpanda mawingu, anampiga Yam, bahari, na anatajwa kumpiga Lotani, nyoka anayejipinda.

Fungua Isaya 27:1 uone BWANA akimwadhibu lewiathani, nyoka mwepesi, nyoka wa kuzonga-zonga. Ni jina lilelile na sifa zilezile. Kisha Zaburi 29. Hesabu mara ambazo "sauti ya BWANA" inatajwa: ni saba. Sauti hiyo iko juu ya maji, inavunja mierezi ya Lebanoni, inatikisa jangwa. Hizo ni sifa za mungu wa dhoruba, na Lebanoni ilikuwa nchi ya Baali. Mstari wa 1 unawaita "wana wa Mungu" wampe BWANA utukufu. Sasa fungua Zaburi 96:7. Maneno ni yaleyale karibu yote, ila walioitwa wamebadilika: sasa ni "jamaa za watu". Mshairi wa baadaye ameuchukua wito wa zamani, akaliondoa baraza la mbinguni, akaweka mataifa ya dunia. Paka rangi aya zote mbili. Ni mfano ulio safi kuliko mwingi utakaokutana nao.

Aya ya tatu ya zoezi hili ni Kumbukumbu la Torati 32:8-9. Union, ikifuata Kiebrania cha Wamasora, yaani wanakili Wayahudi waliohifadhi maandiko ya kawaida ya Kiebrania, inasema Aliye juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Lakini gombo lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, linasoma "wana wa Mungu", na tafsiri ya Kigiriki ya kale ina "malaika wa Mungu". Wasomi wengi huona usomaji wa Qumran ndio wa asili: kila taifa lilipewa mwana wa Mungu wake, na sehemu ya BWANA ikawa Yakobo. Ukisoma hivyo, swali la kama Aliye juu na BWANA walikuwa mmoja tangu mwanzo linabaki wazi, na ndiyo maana wanakili walikuwa na sababu ya kubadilisha.

Kosa la hatua hii ni kusema Waisraeli walinakili Ugariti. Mji ule uliteketea mwaka 1185 KK hivi, kabla ya kuwapo ufalme wowote Israeli, tena uko mbali kaskazini. Walichoshiriki ni urithi wa lugha na mashairi ya eneo zima. Kosa la pili ni kuichukua Elohimu, kwa kuwa ina umbo la wingi, kama ushahidi wa miungu mingi. Angalia kitenzi: Mwanzo 1:1 kiko katika umoja.

Hatua ya 4: Mungu wa nchi moja

Soma Waamuzi 11:24, Yeftha akimwambia mfalme wa Amoni amiliki alichopewa na Kemoshi mungu wake. Soma 1 Samweli 26:19, Daudi akilalamika kwamba kufukuzwa katika nchi ni kuambiwa akaitumikie miungu mingine. Kisha 2 Wafalme 5:17: Naamani wa Shamu anaomba mzigo wa udongo wa kubebwa na nyumbu wawili, apate kumwabudu BWANA nyumbani kwake. Ni kwamba mungu na ardhi yake havikutenganishwa.

Upande wa pili wa mpaka unasimuliwa na jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la mwaka 840 KK hivi, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, na sasa liko Louvre. Mesha anasema Moabu ilionewa kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akamwamuru atwae Nebo, naye akavikokota vyombo vya YHWH mbele za Kemoshi. Badilisha majina mawili na utadhani unasoma kitabu cha Waamuzi. Linganisha na 2 Wafalme 3:27, ambapo mfalme wa Moabu anamtoa mwanawe sadaka ukutani na ghadhabu kuu inawaangukia Waisraeli mpaka wanarudi kwao. Mwandishi hasemi ghadhabu hiyo ni ya nani.

Hatua ya 5: Ashera, kwa tahadhari

Kuntillet Ajrud, kaskazini-mashariki mwa Sinai, kulichimbwa 1975 na 1976. Mitungi mikubwa ya mwaka 800 KK hivi ina baraka kwa "YHWH wa Samaria na ashera yake" na "YHWH wa Temani na ashera yake". Ashera ni jina la mungu wa kike wa Kanaani, na pia la nguzo takatifu ya ibada. Khirbet el-Qom, karibu na Hebroni, kaburi la karne ya 8 KK lina maneno ya kufanana. Kwamba ashera ilikuwa ndani ya ibada ya BWANA hakuna shaka, maana hata 2 Wafalme 23:6-7 inasema mfalme Yosia aliitoa hekaluni Yerusalemu, mahali ambapo wanawake walikuwa wakiifumia mapazia. Hiyo ilikuwa mwaka 622 KK.

Lakini usiandike "mke wa Mungu" na kufunga daftari. Kiebrania kwa kawaida hakiweki kiambishi cha umiliki kwenye jina la mtu, kwa hiyo "ashera yake" yaweza kuwa nguzo takatifu. Na picha mbili zilizo chini ya maandishi kwenye mtungi zina sura ya Bes, mungu wa Misri. Maandishi yamepita juu ya taji la mmoja wao, dalili kwamba picha na maneno huenda havikukusudiwa pamoja.

Baali ni rahisi zaidi kumfuatilia. Neno hilo ni "bwana, mwenye mali", na liliwahi kutumika kwa BWANA mwenyewe, ndiyo sababu Hosea 2:16 inaahidi kwamba Israeli hatamwita tena Baali. Mwana wa Sauli ni Eshbaali katika 1 Nyakati 8:33, ila 2 Samweli 2:8 inamwita Ishboshethi, sehemu ya Baali ikiwa imebadilishwa kuwa "aibu".

Hatua ya 6: Uhamisho

Yerusalemu ilianguka 586 KK, na hekalu likachomwa. Kwa mantiki ya Mesha, mungu aliyeshindwa ni BWANA. Isaya 40 hadi 55 inageuza mantiki hiyo: BWANA ndiye aliyeamuru kushindwa, ndiye anayemwita Koreshi wa Uajemi masihi wake (45:1), na hakuna mwingine. Kalamu nyeusi itachoka hapa. 44:6, 45:5 na 45:21 zitoshe kuanzia.

Mungu mmoja anayefanya yote huleta swali la uovu. Isaya 45:7 inajibu bila kusita kwamba yeye huumba nuru na giza. Wengine hawakuridhika. Weka 2 Samweli 24:1 kando ya 1 Nyakati 21:1: sensa ni ileile ya Daudi, lakini aliyemchochea kwanza ni BWANA kwa hasira yake, na katika kitabu cha baadaye ni Shetani.

Usidhani Wayahudi wote waliongozana. Elephantine, kisiwa cha Nile karibu na Aswan, kulikuwa na askari Wayahudi wenye hekalu lao la Yaho, umbo jingine la jina YHWH. Hesabu ya michango ya mwaka 400 KK hivi inagawa fedha: shekeli 126 kwa Yaho, na kwa miungu mingine miwili, 70 kwa Eshembetheli na 120 kwa Anatbetheli.

Hatua ya 7: Wa pili karibu na kiti

Soma Mithali 8:22-31, Hekima akiwa kando ya Mungu kabla ya dunia, na Danieli 7:9-14, mzee wa siku na mmoja aliye mfano wa mwanadamu. Danieli 7 ni ya miaka ya 160 KK. Ongeza Philo wa Alexandria, Myahudi wa karne ya 1 BK, aliyethubutu kuliita Neno la Mungu "mungu wa pili". Bila hatua hii, Yohana 1:1 itaonekana imedondoka kutoka hewani.

Paulo sasa anaeleweka. Katika 1 Wakorintho 8:6, barua ya mwaka 54 BK hivi, anaichukua Kumbukumbu la Torati 6:4, ungamo kwamba BWANA ni mmoja, na kulitandaza: Mungu mmoja, Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo. Wafilipi 2:10-11 inampa Yesu goti ambalo Isaya 45:23 ilimwekea BWANA peke yake. Barua hizi zilimtangulia Konstantino, kaisari wa Roma aliyeitisha mtaguso wa Nikea, kwa zaidi ya miaka 250, kwa hiyo dai kwamba yeye ndiye aliyembuni Kristo mwenye uungu lifutwe daftarini.

Hatua ya 8: Nikea na baada yake

Mtaguso wa Nikea wa 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulijibu swali jembamba zaidi: Mwana ni wa asili moja na Baba, au ni kiumbe wa kwanza? Arius, padri wa Alexandria, alishikilia la pili, na Mithali 8:22 ilikuwa silaha yake. Nikea ilimkataa, ugomvi ukaendelea zaidi ya miaka 50, na Roho Mtakatifu akapata nafasi yake kamili katika ungamo Konstantinopoli mwaka 381. Neno la Kilatini la Utatu lilikuwa limekwisha kutumiwa na mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago mwanzoni mwa karne ya 3.

Mtego wa mwisho uko 1 Yohana 5:7-8. Maneno "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja", ambayo baadhi ya chapa huyaweka kwenye mabano, hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus aliyaacha nje ya Agano Jipya lake la Kigiriki mwaka 1516 na 1519, akayaingiza 1522. Kwenye safu ya karne usiyaandikie ya 1. Yaandikie ya 4, yanakoanza kuonekana kwa Kilatini.