Kukimbia Dar bila kuchoka njiani: maelekezo ya fundi cherehani

Wateja wakija kuchukua nguo wananiuliza swali lilelile: "Dada fundi, na mimi nataka kukimbia, naanzaje?" Nashona Kinondoni, na nilianza kukimbia mwaka 2003, daktari aliponiambia presha inapanda na kukaa kutwa nzima kwenye cherehani hakunisaidii. Sijawahi kushinda mbio zozote. Lakini mpaka leo natoka siku nne kwa wiki, na ninachojua kukufundisha ni hicho: kukimbia leo kwa namna ambayo keshokutwa utatamani kutoka tena.

Anza na saa kabla ya kuwaza kiatu. Hapa Dar jua huchomoza kwenye saa 12 asubuhi, miezi mingine linachelewa kidogo, na likifika saa 2 lami imeshashika moto. Mimi nikishaswali alfajiri nakula tende tatu, nakunywa bilauri moja ya maji, na mwanga ukianza kuonekana nipo mlangoni. Jioni pia inawezekana, ila moshi wa magari na bodaboda ni mwingi.

Joto la pwani lielewe vizuri. Jasho linapoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ikijaa unyevu, hasa Desemba mpaka Machi, jasho linadondoka tu bila kukauka, na moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi huku miguu nayo inaidai. Kilomita 5 zangu za Julai, upepo wa kusi ukivuma, ni dakika 36. Kilomita hizohizo Februari ni dakika 40, na pumzi ninayotumia ni ileile. Miaka ya mwanzo sikulijua hilo. Nilikuwa nalazimisha dakika za Julai ndani ya Februari, mpaka siku moja mwaka 2009 macho yakaingia giza karibu na Daraja la Salenda. Muuza madafu mmoja, mtu mzima, akanikalisha kivulini mwa toroli lake na kunimwagia maji shingoni. "Mwanangu, jua halina undugu," akaniambia. Tangu siku hiyo sikimbizani na saa msimu wa joto. Ukihisi baridi na vipele vinakusimama wakati jua linawaka, simama hapohapo, tafuta kivuli na maji.

Mwendo unaupimaje bila saa ya bei? Mimi nasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa sauti ndogo. Nikiweza kusoma aya zote 7 nikivuta pumzi mwisho wa kila aya, mwendo ni sawa. Nikilazimika kukata aya katikati, nimezidisha, napunguza. Ukiwa na mwenzio, zungumzeni. Asiyeweza kujibu kwa sentensi nzima ndiye apunguziwe mwendo. Wengi wanaoacha mwezi wa kwanza hawana miguu mibovu. Wameanza kwa kasi ya mtu anayewahi mwendokasi, kila siku wakarudi nyumbani wameumia, na mwili ukakataa.

Kama hujawahi kabisa, hesabu dakika, kilomita ziache. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na katikati ya siku hizo pumzika. Wiki zako mbili zikiisha bila maumivu, fanya dakika 2 kwa 2, kisha 3 kwa 1. Mimi nilichukua miezi mitatu kufikia nusu saa bila kusimama, na sioni sababu ya wewe kuharakisha. Ukishafika hapo, ongeza dakika 5 kwa wiki, tena kwenye siku moja tu, ile ndefu ya Jumamosi au Jumapili.

Sasa viatu. Raba mpya nzuri ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunakwenda Karume kwenye mitumba. Hapo ndipo pa kuwa makini, maana kiatu kinaweza kung'aa kwa kupigwa brashi na ndani kimeshakufa. Kiweke juu ya meza, chuchumaa ukiangalie kwa nyuma: kisigino kikilala upande mmoja, kirudishe, kimeshachukua mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza sponji ya pembeni kwa dole gumba. Ikiwa hai inabonyea na kurudi. Ikiwa imekufa ni ngumu kama kwato, na ubavuni ina mikunjo mingi midogo. Kunja mbele, pale vidole vinapojikunja, ndipo kiatu kinapotakiwa kukunjika. Kikikunjika katikati ya unyayo, kiache. Toa soli ya ndani uangalie gundi. Mwisho vaa vyote viwili, simama, na hakikisha mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa dole gumba, kwa sababu mguu hutanuka ukipata joto. Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo.

Hili la viatu nimelilipia. Mwaka 2014 nilizivaa raba nilizozipenda muda mrefu kupita uhai wake, na kisigino kikaanza kuuma hatua ya kwanza ya asubuhi, nikishuka kitandani, kama nimekanyaga msumari. Niliendelea kukimbia juu ya maumivu, na matokeo yake nikakaa nje miezi mitano. Kilichonisaidia ni kubadilisha viatu, kuviringisha chupa ya maji ya barafu chini ya unyayo kila jioni, na kusimama kwenye ngazi kwa ncha za miguu nikishusha visigino polepole, mara 15 asubuhi, mara 15 usiku. Maumivu yanayopungua ukipasha mwili unaweza kwenda nayo taratibu. Yanayoongezeka kila hatua yanakwambia urudi nyumbani, na utembee.

Kuhusu nguo nitasema kama fundi. Fulana ya pamba inakunywa jasho, inakuwa nzito na kukwaruza. Tafuta kitambaa cha jezi. Kabla ya kununua igeuze ndani nje, kisha pitisha mshono wa kwapani juu ya ngozi ya ndani ya kiwiko chako, pale palipo laini. Mkono ukiuhisi ule mshono, basi kwapa litatoka damu ukifika kilomita ya 8. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na chini ya mkanda wa sidiria. Dada zangu mnaojistiri, mtandio wa pini unakaba na kufunguka njiani. Mimi nimejishonea wa jezi nyepesi, wa kuvaa kwa kuingiza kichwa, na gauni fupi la magotini lenye mpasuo pembeni juu ya suruali. Kiunoni kwa nyuma nimeweka kimfuko cha zipu: ufunguo, na shilingi 2,000 za bajaji kama mguu utagoma.

Barabarani kimbia ukitazamana na magari, yaani upande wako wa kulia, uone kinachokuja. Ukivaa vipokea sauti, sikio moja liwe wazi, na wanawake tusizoeshe njia moja kwa saa ileile kila siku. Mbwa akikujia, simama, usimkimbie. Inama kama unayeokota jiwe, wengi watarudi nyuma. Wakati wa masika usikanyage dimbwi usilolijua, chini yake kunaweza kuwa na mtaro usio na mfuniko. Njia ninayoipenda ni ya Coco Beach kupitia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022: lina mita 1,030 juu ya bahari na njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo kwenda na kurudi umepata kilomita 2 na kidogo bila kuvuka barabara. Nikirudi wauza mihogo wa Coco wanakuwa bado hawajawasha moto.

Ramadhani sitoki alfajiri. Nakimbia nusu saa nyepesi kabla ya magharibi, nikifika nyumbani adhana inakaribia na maji yako mezani.

Ukifika mahali pa kutaka mashindano, nenda Moshi ukakimbie kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Unaanzia Chuo cha Ushirika, barabara inapanda kuelekea Mweka, halafu inashuka. Mwaka 2011 nilifuata vijana kwenye kupanda, na kwenye kuteremka mapaja yakagoma. Ukiwa Dar jiandae kwa kupanda barabara za Chuo Kikuu pale Mlimani, mara 6, ukishuka kwa kutembea. Septemba 2025 tulikesha na simu iliyoegemezwa kwenye cherehani tukimtazama Alphonce Simbu akikimbia Tokyo. Kilomita 42, na mpaka hatua za mwisho kabisa alikuwa nyuma ya Mjerumani. Akamshinda kwa sekunde 0.03 na kuwa Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Nililia. Usiku ule nilitamani kila mtu anayeanza kwa pupa angeona jinsi alivyojitunza.

Ukimaliza kukimbia tembea dakika 5, kunywa maji au dafu, kula ndani ya saa moja: uji, yai, kiazi, chochote cha nyumbani. Kisha viatu. Visuuze tope, toa soli ya ndani, vijaze karatasi za gazeti na uviweke kivulini penye upepo, kamwe si juu ya bati, maana jua kali linaachisha gundi. Jioni badilisha karatasi.