Somo: Kumtafsiri Vergilius kwa Kiswahili, tukianza na mstari wa kwanza

Aeneis, shairi refu la Kilatini la Vergilius, mshairi wa Roma ya kale, ina vitabu 12 na karibu mistari 9,900. Leo tunagusa huu tu, na kipande cha unaofuata:

Arma virumque cano, Troiae qui primus ab oris
Italiam fato profugus...

Yaani: vita na mtu naimba, ambaye wa kwanza kutoka pwani za Troya, mkimbizi kwa majaliwa, hadi Italia...

Hatua ya 1: fumua. Kabla hujatunga chochote, andika kila neno na kazi yake. Arma ni silaha, yaani vita. Virum ni mtu, mwanamume. Ile -um inaonyesha kwamba ndiye anayeimbwa. -Que ni "na", imening'inia nyuma ya neno kama -ni ya nyumbani. Cano ni "naimba", na hapo tunapata nafuu: mtenda na tendo vimo ndani ya neno moja, kama kwetu.

Hatua ya 2: chagua bahari, yaani aina ya shairi. Mstari wa Vergilius una silabi 13 hadi 17 na hauna vina. Ubeti wa utenzi una mizani 32, kwa hiyo unabeba kama mistari miwili yake. Nilianza na vina kamili:

Naimba mtu na vita,
kwao Troya akaata,
ajali ilomvuta,
Italia akangia.

Inaimbika, lakini hesabu hasara. "Wa kwanza" hayupo, mtu ameitangulia vita, mkimbizi kageuka mtu aliyevutwa tu, na hiyo "akaata" ya Kimvita itabidi umfafanulie msomaji wa Dodoma. Vyote vimeliwa na kina cha -ta. Nikavilegeza vina vya ndani (vya vipande vitatu vya kwanza), nikabakiza mizani na kina cha mwisho:

Vita na mtu naimba,
wa kwanza kutoka Troya,
ajali yamkimbiza,
Italia akangia.

Hatua ya 3: maneno yanayojirudia yawekee daftari. Gumu kuliko yote ni pius, sifa ya Aeneas, ndiye huyo mtu anayeimbwa. "Mcha Mungu" hapana. Miungu yake ni mingi, na pius inamhusu pia baba na taifa. Mimi natumia "mtiifu", na sibadilishi. Kitabu cha 4 Dido, malkia wa Karthago anayempenda Aeneas, anazimia, wajakazi wanambeba, ndipo Vergilius anaandika at pius Aeneas, na jamaa anarudi kwenye meli zake. Ukiweka neno jingine hapo kwa kumwonea haya, umemwondolea msomaji mwiba.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Bila vina vya ndani, si litakuwa guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina?
Marahaba. Kwa kanuni za utenzi, ndiyo, ni guni, nami sitaliita utenzi. Ila Vergilius mwenyewe hakutumia vina, kwa hiyo sijamnyang'anya kitu.

Mistari iliyokatika katikati tuijaze?
Hapana. Alifariki mwaka 19 KK kabla hajamaliza, na mistari zaidi ya 50 ikabaki nusu. Andika kipande kimoja cha mizani nane, uache nafasi tupu.

Ndugu mwalimu, "ajali"? Msomaji wa leo atadhani basi limepinduka.
Umenishika. Nilikuwa nasikia ajali ya tenzi za kale, ile ya majaliwa. "Majaliwa" yenyewe inazidisha mizani moja. Jaribu "kudura yamkimbiza": nane kamili. Ina harufu ya dini, najua, ila inavumilika kuliko basi. Kwenye daftari langu nimeshafuta.