Nne na Nyingi: Jinsi ya Kuhesabu Lundo Bila Kupoteza Hesabu

Nafanya kazi stoo, na kazi ninayoirudia kuliko zote ni kuhesabu vitu vidogo: skrubu, misumari, vifungo. Ukihesabu kimoja kimoja, ukifika sitini na kitu mtu akakuita, umerudi mwanzo. Kwa hiyo mimi natumia namba nne tu: moja, mbili, tatu, nne. Zaidi ya hapo ni "nyingi". Watu hucheka wakinisikia, lakini hesabu hutoka sawa.

Hatua ya kwanza ni kuisahau tano. Sababu iko machoni. Mwaka 1871 mchumi Mwingereza, William Stanley Jevons, alichapisha jaribio alilojifanyia mwenyewe: anarusha maharage, anatupa jicho mara moja, anataja idadi. Alirudia zaidi ya mara 1,000. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea kamwe. Kuanzia matano, makosa yakaingia. Nne unaiona tu. Tano inabidi uihesabu, na anayehesabu ndiye anayepotea.

Hatua ya pili: mwaga vitu mahali bapa penye mwanga, kisha vuta vinne kwa vidole. Usivihesabu, vitazame. Ukisita hata kidogo, hizo ni "nyingi". Rudisha, vuta tena. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanataka kuvuta sita sita ili wamalize mapema. Tafadhali usifanye hivyo. Kusita kwako ndiyo kengele pekee uliyo nayo, na kwenye sita kengele hiyo hailii.

Hatua ya tatu: tia vile vinne chomboni, halafu chora mstari mmoja kwenye karatasi. Chombo kwanza, mstari baadaye, siku zote. Mistari minne isimame, wa tano uikatize kwa mshazari. (Ni sheria ileile ya macho: mistari mitano iliyosimama ingekuwa tayari "nyingi".) Fungu moja la mistari ni nne mara tano, yaani vitu 20. Mafungu matano ni 100. Yazungushie duara, uanze mstari mpya wa karatasi.

Mwishoni patabaki kimoja, viwili au vitatu, au pasibaki kitu. Viandike pembeni kwa tarakimu.

Tuseme karatasi ina mafungu manne, mstari mmoja peke yake, na pembeni umeandika 3. Mafungu ni 80, mstari ni 4, mabaki ni 3. Jumla 87.

Mkiwa wawili, mmoja avute na mwenzake achore, ila mchoraji asubiri kusikia "nne!" kila mara, asichore kwa kufuata mdundo.

Na mtu akikuita katikati ya kazi, maliza kutia vinne ulivyoshika, chora mstari wake, kisha itika.