Namna ya kumsaidia mzazi kuacha usukani, kwa sisi tunaoishi Dodoma

Kazi yangu ni kufundisha udereva hapa Dodoma, na siku hizi wanaonipigia simu si vijana wanaotafuta leseni peke yao. Wananipigia watu wazima wenzangu: "Mwalimu, tunaomba uje ukae na mzee kwenye gari, halafu utuambie kama bado anaweza." Nikisikia hivyo najua kuna jambo limeshatokea, getini au sokoni, na watoto hawajui waanzie wapi. Wengi wanaanzia kwenye ufunguo. Wanauficha, mzee anautafuta, anagundua, na nyumbani panachimbika.

Ufunguo uwe jambo la mwisho. Kwanza ujue mzee anakwenda wapi kila wiki, na atafikaje huko bila kushika usukani. Familia zilizoanza hivyo nimeziona zikimaliza kwa amani.

Mwangalie anavyopaki

Uwezo wa dereva ukianza kushuka, barabara kuu huchelewa kukuonyesha. Mtu aliyeendesha miaka thelathini atanyooka vizuri tu kwenye barabara ya Dar, mikono inajua kazi. Siri inatoka kwenye kupaki. Kurudi nyuma kunataka shingo igeuke, macho yapime umbali, mguu uhame kutoka mafuta kwenda breki bila kukosea, na akili ishike yote hayo kwa pamoja huku bodaboda zinapita pembeni. Kimoja kikipungua, utakiona hapo.

Mwombe akupeleke sokoni Majengo kwa shughuli ya kweli, siku ya watu wengi. Kaa kimya na uangalie. Anageuza shingo, au anategemea kioo kimoja? Anarudi nyuma mpaka asikie kitu ndipo asimame? Anapita nafasi nzuri mbili tatu kwa sababu anaogopa kuingia, kisha analiacha gari nusu liko barabarani na kusema "nashuka mara moja"? Mkirudi nyumbani kagua pembe za bampa na nguzo ya geti. Mkwaruzo mmoja usikutishe. Mikwaruzo mipya inayorudi pembe ile ile, hasa nyuma kushoto, maana yake upande huo haoni au hawezi kugeukia.

Hapo utenganishe uzee na tabia. Kuna watu wamekuwa wakipaki juu ya njia ya waenda kwa miguu tangu ujana wao, na hilo halihusiani na umri. Unayemtafuta wewe ni yule aliyekuwa anapaki vizuri, sasa hawezi.

Kwenye kipilefti angalia kama anasita hadi wa nyuma wapige honi, au anaingia bila kuangalia kulia. Kumbuka pia mji umebadilika. Dodoma aliyojifunzia yeye ilikuwa na magari machache, na mtu alivuka katikati ya mji bila kupunguza gia. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 magari yameongezeka sana, na Bunge la bajeti likianza Aprili hadi Juni, misafara na magari ya wageni yanajaa hata mitaa ya ndani ya Area C na Area D. Kupotea kwenye barabara mpya si ugonjwa. Kupotea akitoka kanisani kwake kwenda nyumbani kwake, hilo ndilo la kukufanya uonane na daktari wiki hiyo hiyo.

Macho kwanza, maneno baadaye

Usiseme neno lolote la kuacha gari kabla ya macho kupimwa. Mkoa wetu umeteswa na ugonjwa wa vikope (trakoma) kwa miaka mingi, Kongwa na Chamwino hasa, na wazee wengi wana makovu kwenye kioo cha jicho ya tangu utotoni. Ongeza vumbi na jua la huku. Lakini mtoto wa jicho, yaani ukungu wa ndani ya jicho, anatolewa kwa upasuaji, na mzee uliyedhani amekwisha barabarani anaweza kurudi akisoma vibao kuliko wewe. Ukimnyima gari mtu ambaye alihitaji upasuaji, umemwonea. Hospitali ya Mvumi inajulikana kwa macho, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini na ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Kabla ya kwenda, mnaweza kufanya majaribio mawili nyumbani. La kwanza nimelichukua Uingereza, ambako sheria inamtaka dereva asome namba za gari lililo umbali wa mita 20 mchana, akiwa na miwani yake kama anavaa. Hesabu hatua ndefu ishirini kutoka kwenye gari la jirani, mwombe asome. La pili: kaeni mkitazamana, akuangalie puani bila kuhamisha macho, kisha chezesha kidole pembeni, kulia na kushoto, juu na chini. Presha ya macho inakula pembeni kwanza, taratibu, na mwenyewe hana habari. Anaona mbele vizuri, ila mtoto anayetokea kati ya magari yaliyopakiwa hamwoni kabisa. Majaribio haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusaidia kujua uharaka.

Wenye mtoto wa jicho wanaumizwa zaidi na mwanga wa kuwakia machoni. Ukitoka mjini kwenda Mtumba au Ihumwa asubuhi unaelekea mashariki, jua liko usoni. Ukirudi jioni unaelekea magharibi, liko usoni tena. Kwa mzee anayesubiri upasuaji, safari hiyo ifanyike kati ya saa nne na saa tisa, au aendeshe mwingine.

Dawa nazo zina sehemu yake, na huku tunazidharau. Vidonge vya mafua vya Piriton vinaleta usingizi. Dawa za usingizi zinabaki mwilini hadi kesho yake. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kuwasha gari. Kipimo kikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale kwanza na asiendeshe mpaka sukari ipande. Mbebee daktari dawa zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za dukani, na umuulize swali moja tu: "Akimeza hizi, anaweza kuendesha?"

Leseni isikudanganye. Inadumu miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo macho na magoti yanaweza kubadilika sana. Japani, dereva akifika miaka 75 anapimwa kumbukumbu kabla ya kuhuisha leseni. Sisi mazungumzo yetu yote ya ajali yanahusu bodaboda na mabasi. Mzee wa nyumbani hatumgusi, kwa heshima, mpaka litokee.

Ziandike safari zake

Hapa ndipo watu wanaharakisha, na hapa ndipo ningependa mkae muda mrefu kuliko pengine popote.

Kwetu gari ni heshima. Mstaafu aliyenunua gari kwa kiinua mgongo, siku akionekana kwenye daladala ya Nkuhungu watu wanaulizana kama mambo yameharibika, au watoto wamemtupa. Kwa hiyo akisema "siwezi kukaa bila gari" anasema mambo mawili. Moja ni safari zenyewe, jingine ni jina lake mtaani. Yote yanahitaji jibu.

Chukua daftari, andika safari za wiki nzima pamoja na mama, maana mama ndiye anayezijua. Nyingine zitajifuta zenyewe. Umeme wa Luku unanunuliwa kwa simu. Uhakiki wa wastaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unafanyika kwa simu janja, hahitaji tena kupanga foleni. Soko mletewe, au aende mama na kijana. Zitabaki zile zenye watu ndani yake: ibada, kliniki, misiba, kahawa na wenzake, na shamba.

Kwa safari za mjini, tafuta dereva mmoja wa bajaji, mtu mzima kidogo, mwenye nidhamu, anayekaa kijiwe cha karibu. Akija mara ya kwanza aje na mtoto wa nyumba hiyo, amsalimie mzee kwa shikamoo, aonyeshwe geti. Mlipeni kwa wiki, watoto mchange, mzee asiombwe nauli mlangoni. Namba yake iwe kwenye simu ya mzee kwa herufi kubwa na kwenye simu ya mama pia. Siku ya ibada afike mapema, maana mzee akichelewa mara moja tu atawasha gari lake, na mtakuwa mmerudi mwanzo.

Shamba ndilo gumu. Mtu mwenye zabibu Mpunguzi au Hombolo hawezi kuambiwa aache kwenda. Akikosa shamba anazeeka mbele ya macho yenu. Barabara ya Iringa ina malori, na ya Hombolo, pale pasipo na lami, ni vumbi kiangazi na matope masika. Mpeni kijana wa kumwendesha, kwa gari lake mwenyewe, siku anazozitaja yeye. Akae kiti cha mbele, aamue wapite wapi na wasimame wapi. Mjukuu mwenye leseni anafaa sana, na mafuta waweke watoto. Kipindi cha kuvuna ratiba ya mjukuu ifuate shamba, si kinyume chake.

Kisha tembea kwa miguu njia anazoweza kuzitembea: dukani, msikitini, kwa rafiki yake mtaa wa pili. Utagundua jambo ambalo sisi wenye magari hatulioni. Njia ya miguu imezibwa na magari yetu. Tunapaki mbele ya maduka mpaka ukutani, na mzee mwenye fimbo anashuka kwenye lami kulizunguka gari, mgongo ukiwa kwa daladala. Halafu tunashangaa kwa nini hataki kuliacha gari lake. Nawaambia wanafunzi wangu kila siku: kulipa ushuru wa maegesho hakukupi njia ya watu, na kusimama karibu na kivuko cha pundamilia kunamficha anayevuka. Kama njia ya mzee wako imezibwa, ongea na mwenye duka, ukishindwa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Na gari lako wewe lipaki mbali, utembee. Ni mita mia.

Nani aseme, na aseme nini

Usiongee naye akiwa anatoka kugonga nguzo. Usiongee mbele ya mkwe, wala mbele ya wajukuu, wala kwenye kikao cha ndugu wote kumkalia kama mtuhumiwa. Wazee wetu wanasikia vizuri zaidi kwa rika lao: baba mdogo, mchungaji au shehe, mstaafu mwenzake ambaye ameshaacha kuendesha. Daktari pia, kwa sababu neno lake halina undugu ndani yake. Mtoto akisema, awe yule anayemsikiliza, hata kama ni kitindamimba.

Anza na macho au magoti, si na umri. "Baba, daktari amesema usiku macho hayakusaidii. Tunaomba kuanzia wiki hii, giza likiingia, akuendeshe mjukuu wako." Usiku ukikubalika, baada ya muda ongeza barabara ya Dar, kisha katikati ya mji. Wengine wanabaki wakiendesha mtaani kwao mchana kwa muda mrefu bila shida, na sioni sababu ya kuwanyima.

Jambo moja litamkwe waziwazi mapema: gari ni lake. Kadi inabaki kwa jina lake, na likiuzwa ataliuza yeye na pesa ni yake. Ugomvi mwingi niliosimuliwa haukutokana na udereva. Mzee alihisi watoto wameanza kumrithi akiwa hai, na pale mwana mmoja alipolichukua gari kwa kazi zake mjini, alikuwa amehisi sawasawa. Gari likae pale pale uani, na likitoka litoke kwa ajili yake.

Akikataa kabisa na mmeona kwa macho yenu kwamba ni hatari, kwa mfano anachanganya mafuta na breki, usisubiri akubali. Mpeleke kwa daktari, mwombe daktari aandike. Karatasi hiyo inaweza kupelekwa kwa afisa wa usalama barabarani, mkaeleza. Ni hatua nzito, ila aliye barabarani ni mtoto wa mtu.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau mambo ni tofauti, na hapa tu nakubali gari lihamishwe. Kumbishia kila asubuhi kunamuumiza upya, kwa sababu kwake kila asubuhi ndiyo mara ya kwanza kuambiwa. Lipelekeni kwa ndugu wa mtaa mwingine. Akiuliza, mwambieni liko salama kwa ndugu, kisha mwulizeni anataka kwenda wapi, na mmwitie bajaji.