Mikono na kujisemea: namna ya kuvitumia kujifunza lugha ya pili

Andaa maneno 8, si 30, pamoja na simu ya kurekodia. Kipindi kizima hakizidi dakika 20.

Hatua ya 1: Lipe kila neno ishara. Vitenzi ni vyepesi: kwa "kumimina", kiganja kiiname kama kilichoshika birika. Neno la dhahania hutaka taswira. Kwa "kuahirisha", shika kitu hewani ukisogeze mbali. Kupungapunga mkono ovyo hakusaidii. Ishara zinazokaribiana ni mbaya zaidi, kwa kuwa huchanganya maneno yenyewe; badilisha moja kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Tamka huku ukitenda, mara 4 kila neno. Mkono ufike kileleni pale penye silabi yenye mkazo, kama ufanyavyo wenyewe unapozungumza lugha mama. Kumtazama mwalimu kwenye video hakutoshi, tenda mwenyewe.

Hatua ya 3: Funga daftari. Fanya ishara kimya, subiri sekunde 3, kisha tamka. Neno likigoma, rudia ishara kabla ya kuchungulia.

Hatua ya 4: Kunja nguo au panga meza kwa dakika 5 ukijisemea kwa lugha unayojifunza. Wengi hukwama hapa kwa kulazimisha sentensi kamili. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky, katika kitabu kilichotoka 1934, alionyesha kuwa usemi wa kujielekeza hufupika: kinachojulikana huachwa, hubaki kinachosemwa juu yake. Basi "Hii hapa. Hapana, kubwa kwanza" inatosha kabisa. Alieleza pia kwamba usemi huo haufi utotoni, bali huzama ndani ukawa fikra. Kazi ikiwa ngumu huibuka tena, hata kwa mtu mzima. (Mwalimu anayemnyamazisha mwanafunzi anayenong'ona akitafuta jibu anamnyang'anya nyenzo.)

Lugha mama itakuponyoka, hasa kwenye kuhesabu. Iache. Andika tu maneno uliyoyakosa. Ndiyo 8 ya kesho.

Hatua ya 5: Jirekodi video ya dakika 2 ukieleza kazi uliyoifanya. Tazama mkono unapoganda hewani: mara nyingi hapo neno ndipo lilipokwama, au hukuwa na uhakika na sarufi. Chukua sentensi 3 za sehemu hizo umpelekee mzungumzaji hodari. Usiruke hili, kwani anayejisemea hana wa kumsahihisha, na kosa linalorudiwa kila siku hukomaa sawasawa na neno sahihi.