Kupita hifadhi ya taifa ya Badlands, Dakota Kusini, Marekani, kwa gari wakati wa kiangazi

Mkitokea mashariki kwa barabara kuu ya I-90, iacheni kwenye njia ya kutokea namba 131, mfuate barabara 240 hadi mji wa Wall, kama kilomita 60 za lami. Anzeni alfajiri: jua litakuwa mgongoni, na mchana joto huweza kupita nyuzi 38. Jazeni tangi kabla, maana ndani ya hifadhi hakuna mafuta. Maji ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya rejeta.

Barabara ya Sage Creek Rim ndiyo tamu zaidi, ila ni ya changarawe. Msizidi kilomita 50 kwa saa. Vumbi la gari la mbele likiwafunika, punguzeni mwendo. Mvua ikinyesha, geuzeni. Udongo wa huko una bentoniti, aina ya mfinyanzi: hunywa maji, huvimba, huteleza kama sabuni, kisha hujaa kwenye madigadi hadi magurudumu yagome. Hata gari la 4x4 hukwama.

Nyati wenye nundu wakiziba njia, subirini ndani ya gari. Mkiwa kwa miguu, kaeni mita 100 mbali nao. Asiyeendesha ndiye awaangalie, si dereva.