Jinsi ya kupata BBC One na ITV ya mkoa mwingine kwa dish hiyohiyo, kwa wadau mlioko Uingereza

Hili swali huwa linakuja kila mtu akihama mji. Umekaa Leicester miaka, umezoea East Midlands Today, habari za mkoa za BBC, kila jioni, unajua barabara gani imefungwa na Leicester City wana hali gani, afu kazi inakupeleka Aberdeen, unawasha TV saa kumi na mbili na nusu jioni unakutana na Reporting Scotland. Habari nzuri tu ila sio za kwenu, mama yako bado anaishi kule, msikiti wako uko kule, madiwani unaowajua wako kule. Basi mtu anaita fundi, na wapo mafundi wanaomwambia alipie dish ya pili. Ndugu yangu usilipe. Dish uliyonayo hapo ukutani inapokea mikoa yote saivi unavyosoma hapa, kilichobaki ni kuliambia boksi.

Iko hivi. Antena ya Freeview (TV ya bure isiyotumia dish) inashika mnara wa karibu, London ni Crystal Palace, Birmingham ni Sutton Coldfield, Manchester ni Winter Hill, na kila mnara unarusha mkoa wake, kwa hiyo mwenye antena anakula alichopakuliwa. Satelaiti haifanyi hivyo. BBC na ITV zinatoka kwenye kundi la Astra 2E, 2F na 2G zilizoko nyuzi 28.2 mashariki, na mwale wao umeelekezwa Uingereza nzima kwa mpigo, haujakatwa kimkoa. BBC One ya Wales, ya Scotland, ya Yorkshire, ya London, zote zinafika kwenye dish yako zikiwa na nguvu ileile. Anayechagua BBC One ipi ikae namba 101 na ITV ipi ikae 103 ni boksi, na linachagua kwa postikodi uliyoandika siku ya kwanza.

Kama una Freesat basi umemaliza nusu ya kazi. Freesat ndo ile huduma ya BBC na ITV iliyoanza Mei 2008, haina malipo ya mwezi. Ingia menyu, tafuta setingi, humo ndani kuna sehemu ya postikodi, futa ya kwako andika ya kule unakokutaka. Kama umehama weka tu postikodi ya nyumba yako ya zamani. Kama huna, tumia ya jengo linalojulikana, W1A 1AA ni jengo la BBC London, EH1 2NG ni Edinburgh Castle, CF10 3RB ni Cardiff Castle, BT1 5GS ni City Hall ya Belfast. Boksi litatafuta chaneli upya lenyewe, usilizime katikati. Likimaliza bonyeza 101 na 103 uangalie. Ukiweka ya Belfast utakuta 103 imekuwa UTV (ndo ITV ya Northern Ireland), ukiweka ya Edinburgh utakuta STV (ya Scotland), hapo ujue imekubali. Ila kabla hujabadilisha angalia orodha ya vipindi ulivyopanga kurekodi, maana chaneli zikihama namba boksi linaweza kupoteza ratiba, na ukimpotezea mama watoto tamthilia yake utajibu mwenyewe.

Lakini kama shida yako ni BBC tu na huitaki ITV, hata postikodi usiiguse. Panda namba za 950 kwenda juu, BBC One za mikoa zimepangwa humo moja baada ya nyingine, za England, Wales, Scotland na Northern Ireland. Inafanya kazi kwenye Freesat na kwenye Sky (ile ya kulipia) pia. Watu wengi wana Sky miaka kumi hawajawahi kufika huko chini kwenye orodha. Weka unayoitaka kwenye chaneli pendwa, siku ya pili unaikuta kwa kubonyeza mara moja. Kwa mtu wa Sky hii ndo njia ya uhakika, kwa sababu mkoa wake unafuata anwani ya akaunti na sio kitu cha kubadilisha kwa rimoti.

ITV ndo yenye kazi kidogo (na hapa nasema ITV ya Uingereza, sio ile ya Mikocheni, Dar es Salaam). ITV za mikoa mingine hazijapangwa kwenye zile namba za 950, kwa hiyo ni ama ubadilishe postikodi, ama uskani kwa mkono. Boksi nyingi za Freesat zina sehemu ya chaneli zisizo za Freesat, na TV nyingi zenye tyuna ya satelaiti ndani zinakuruhusu kuchagua satelaiti ya kawaida badala ya Freesat. Risiva yoyote ya kawaida ya HD nayo inafaa, zile za bei rahisi za free to air, yaani za chaneli za bure.

Kwa risiva ya kawaida weka hivi: satelaiti chagua Astra 28.2E, LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dish) weka universal yaani 9750 na 10600, 22K iache auto, DiSEqC (swichi ya kuunganisha dish zaidi ya moja) zima kama una dish moja tu. Afu skani yote kwa mpigo, blind scan kama ipo, yaani risiva inatafuta yenyewe bila kupewa frikwensi. Ukitaka kuingiza frikwensi moja moja utahitaji vitu vinne, frikwensi yenyewe, H au V (mawimbi ya mlalo au ya wima), symbol rate (kasi ya data) ambayo huku mara nyingi ni 22000, 23000 au 27500, na FEC (kiwango cha kurekebisha makosa ya signal). Frikwensi huwa zinahamishwa kwa hiyo chukua za siku hiyo kwenye tovuti za LyngSat au KingOfSat, usichukue karatasi ya mwaka juzi.

Ukimaliza kuskani utakuta ITV nyingi zenye jina lilelile na huwezi kujua ipi ni Granada na ipi ni Central, yaani ITV ya mkoa gani. Usihangaike mchana, mchana zinaonyesha kitu kimoja. Subiri saa kumi na mbili jioni habari za mkoa zinapoanza, pita moja moja, utaona jina la mkoa kwenye ufunguzi wa taarifa, hapohapo badilisha jina kwenye risiva, andika Granada, Anglia, Tyne Tees, unaendelea. Kwa BBC fanya hivyohivyo saa kumi na mbili na nusu. Jioni moja inatosha kwa kazi yote.

Mambo ya vifaa sasa. BBC ilifunga chaneli zake za SD kwenye satelaiti Januari 2024, kwa hiyo kama boksi lako ni la zamani lisilo la HD, hata uandike postikodi ya nani, BBC huipati, tatizo ni boksi. La pili ni LNB. Kama ulihamia nyumba iliyokuwa na Sky Q (boksi jipya la Sky), LNB pale juu inaweza kuwa ya wideband, yaani ya masafa mapana, na hiyo haielewani na risiva za kawaida, utaona signal sifuri na utadhani dish imehama. Ama ubadilishe LNB uweke ya quad (ya kawaida ya matundu manne) au hybrid (yenye matundu ya aina zote mbili), ama uchukue boksi za Freesat za 4K ambazo zinaikubali. Watu wanabadilisha dish nzima kwa tatizo la LNB peke yake, inaniuma sana.

Na mliohamia kaskazini, angalieni miti. Ukiwa London dish inaangalia juu nyuzi kama 25 upande wa kusini mashariki, Aberdeen inashuka mpaka kama 20, kwa hiyo ghorofa la jirani ambalo London lisingekusumbua kule linaziba. Dish nayo iwe kubwa kidogo.

Leseni ya TV lazima uwe nayo, ila leseni haikuulizi unaangalia mkoa gani.

Ndugu wa Mombasa na Muscat mnaouliza kama dish kubwa itawafikisha, hapana, ule mwale haufiki huko. Na mlioko Marekani hii ya kubadilisha postikodi msiiige, DirecTV na Dish wanarusha chaneli za miji kwa miale midogo midogo, ukiwa Texas ya Minneapolis haikufikii kabisa hata boksi likikubali. Wenye antena tu hapa Uingereza ingieni BBC iPlayer, kwenye setingi kuna sehemu ya eneo, badilisha hapo, BBC One ya mkoa wako wa zamani inakuja kwa intaneti.